Kwa nini picha ya Churchill ya mwaka 1954 iliishia motoni?

Tarehe 30 Novemba 1954 Winston Churchill alitimiza miaka 80 akiwa bado waziri mkuu wa Uingereza. Wajumbe wa mabaraza yote mawili ya Bunge, la Makabwela na la Malodi, walikuwa wamechanga fedha na kumwagiza mchoraji Graham Sutherland amchore, kwa malipo ya pauni 1,050. Zawadi ikakabidhiwa kwenye Ukumbi wa Westminster, mbele ya kamera za televisheni. Mzee alisimama, akaitaja picha ile kuwa mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa. Ukumbi ukaangua kicheko, maana kila mtu alikisikia kijembe.

Leo picha hiyo haipo. Ilichomwa.

Ukitaka kuelewa kwa nini, anza na mchoraji mwenyewe. Sutherland, mzaliwa wa London mwaka 1903, hakuanza na sura za watu. Ujana wake alikuwa mwanagenzi wa uhandisi kwenye karakana ya reli mjini Derby, akaacha, akasomea sanaa ya kuchonga picha kwenye sahani za chuma. Baadaye akawa mtu wa mandhari za Wales: mizizi iliyong'oka, mawe, na hasa miiba. Miti ya miiba aliichora ikionekana kama mafuvu. Alipomchora mwandishi Somerset Maugham mwaka 1949, picha yake ya kwanza ya mtu, aliutazama uso wa mzee yule kwa jicho lilelile lililozoea mizizi: makunyanzi, midomo iliyobinuka kwa dharau, mikono iliyokunjwa. Mchoraji mmoja rafiki wa Maugham alisema amefanana na bibi mzee mwenye danguro la Shanghai. Maugham naye alishtuka kwanza, kisha akakiri kuwa mle ndani kulikuwa na mambo yake ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona.

Kwa hiyo waliomwagiza hawakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Maugham alishaonekana, na bwana wa magazeti Lord Beaverbrook naye alishachorwa.

Churchill alikaa mbele ya Sutherland nyumbani kwake Chartwell kuanzia Agosti 1954. Alimuuliza atamchora vipi, kama malaika mtoto au kama mbwa bulldog? Sutherland akajibu kuwa itategemea atakachoonyeshwa. Churchill alitamani avae joho la Garter, nishani ya heshima kubwa ya Uingereza; waagizaji wakataka suti yake ya bungeni na tai ya kipepeo. Mchoraji alifanya kazi kwa mkaa, penseli na rangi ya mafuta, kichwa peke yake, mikono peke yake, kisha akapiga miraba juu ya vichoro na kuhamishia kila kipande kwenye turubai kubwa, mraba kwa mraba. Mafundi wetu wa mabango wanaijua mbinu hiyo.

Aliyetokea kwenye turubai ni mzee aliyejikita kitini kama kisiki, ameshika mikono ya kiti, kidevu kimezama kifuani, na miguu inayofifia kwenye rangi ya chini. Hapo ndipo kidonda kilipotoneshwa. Mwaka uliotangulia Churchill alipata kiharusi na umma ukafichwa, huku ndani ya chama chake wenziwe wakimsubiri ang'atuke. Picha ya mzee aliyechoka, tena inayotolewa na Bunge lenyewe, aliisoma kama barua ya kumfukuza. Siku chache kabla ya sherehe alimwandikia Sutherland kuwa hafla inaweza kuendelea bila picha; ikabidi abembelezwe na mbunge mmoja kwamba waliochanga wataumia. Faraghani alilalamika kuwa imemfanya aonekane punguani, na yeye si punguani. Mwanasiasa wa chama chake, Lord Hailsham, aliiita ya kuchukiza na isiyo na adabu.

Kinachonishangaza mimi ni mkewe, Clementine. Alipoiona mara ya kwanza alisema inamfanana mumewe kiasi cha kutisha. Lakini alipoona jinsi inavyomkera mumewe, akageuka. Na haikuwa mara ya kwanza kwake, kwani mchoro wa Churchill uliofanywa na mchoraji Walter Sickert aliutoboa kwa mguu. Safari hii picha ilifichwa Chartwell, kisha katibu wa familia, Grace Hamblin, na ndugu yake wa kiume wakaichukua usiku hadi nyumbani kwa ndugu huyo na kuitia moto nyuma ya nyumba, mahali pasipoonekana na wapita njia. Familia ilikaa kimya hadi Clementine alipofariki Desemba 1977. Habari zilipotoka mwaka uliofuata, Sutherland alikiita kitendo hicho uharibifu. Naye akafariki mwaka 1980.

Waliochoma turubai hawakuvifikia vichoro vya maandalizi. Baadhi viko National Portrait Gallery, jumba la picha za watu mashuhuri mjini London, vingine kwenye jumba la sanaa la Beaverbrook mjini Fredericton, Kanada. Juni 2024 kimojawapo, kichwa cha Churchill kikitazama upande juu ya usuli mweusi, kilipigwa mnada London kwa pauni 660,000.