Kichwa cha treni kikiondoka bila kuamriwa, anza na CV29

Umeme unawashwa, na kichwa cha treni ya mfano kilichokuwa kimetulia kwenye reli ya pembeni kinachomoka kwa kasi yake yote hadi ukingoni mwa meza. Mwenyewe anakimbilia bisibisi, anafungua bodi, anatangaza kwamba dekoda, ile bodi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri, imeungua. Namwambia aiweke chini hiyo bisibisi. Mara nyingi dekoda ni nzima kabisa. Imepokea kitu kwenye reli ambacho yeye hakukikusudia, ikatii.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa ni hili: kilianza kukimbia wakati gani? Umeme ulipowashwa, baada ya shoti, mtu alipogusa rimoti nyingine, au ulipokiambia kisimame kikakataa? Mawili ya kwanza ni ugonjwa mmoja, mengine mawili kila moja lina wake, na dawa ya mmoja haitibu mwingine.

Tuanze na huo wa kwanza, maana ndio unaosumbua wengi. Katika DCC, mfumo wa kuendesha treni za mfano kwa amri za kidijitali, reli hubeba umeme na amri kwa pamoja. Umeme hugeuzwa upande huu na huu kwa haraka sana, na amri huandikwa kwa biti, alama za moja na sifuri: kila nusu ya biti ya moja huchukua mikrosekunde 58 hivi, ya sifuri huanzia karibu 100 kwenda juu. Dekoda hupima urefu wa mapigo hayo ikapata anwani (namba ya kukiita kichwa), kasi na mwelekeo. Lakini dekoda nyingi hutoka kiwandani na mlango wa pili ukiwa wazi. Zikikosa mapigo na badala yake zikaona volti zilizotulia upande mmoja, huamini zimewekwa kwenye reli ya zamani ya DC, ambako volti ndiyo kasi. Na reli ya DCC ina volti zake zote muda wote. Dekoda iliyodanganyika namna hiyo haina sababu ya kwenda taratibu.

Inadanganyika lini? Pale mtambo wa amri unapowaka na mapigo bado hayajatengemaa, au gurudumu linapogusisha reli mbili kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika, busta, kifaa kinachopeleka umeme relini, ikakata umeme na kuurudisha. Ndiyo maana mtu atakuapia kwamba kichwa kilikimbia "chenyewe", na ukidadisi unakuta sekunde moja kabla yake kulikuwa na shoti upande wa pili wa meza, shoti ambayo hakuna aliyeihusisha.

Mlango huo hufungwa kwenye CV29, mojawapo ya CV, namba za mipangilio zilizohifadhiwa ndani ya dekoda. Humo kila biti ina kazi yake, na inayoruhusu DC ina thamani ya 4. Soma namba iliyomo. Ukikuta 6, andika 2. Ukikuta 38, yaani kichwa chenye anwani ndefu, andika 34. Kwa 7 na 39 ni hivyo hivyo, toa 4. Ukikuta 2, 3, 34 au 35, mlango umeshafungwa, usitoe chochote, tafuta sababu kwingine. Watu hunakili namba ya CV29 kutoka kwa mwenzao bila kusoma ya kwao, kisha wanashangaa kichwa hakisikii tena anwani yake ndefu. Wameifuta wenyewe. Na kichwa kilichofungiwa mlango huu hakitatembea kwenye reli ya DC, kwa hiyo mwambie utakayemwazima.

Ukimaliza, jaribu kwa makusudi. Laza sarafu juu ya reli zote mbili: busta inapaswa kukata mara moja. Iondoe, umeme urudi, uangalie kichwa. Rudia sehemu mbalimbali za njia, hasa zile za mbali na busta. Mahali ambapo sarafu haikati umeme, tatizo ni waya nyembamba au kiungo kilicholegea, na hapo shoti inaweza kuyeyusha plastiki kabla ya kukata chochote. Hili naliogopa kuliko kichwa kinachokimbia.

Kikiondoka mtu mwingine anapoendesha cha kwake, kagua anwani. Dekoda mpya kwa kawaida huja na anwani 3, na vichwa viwili vya anwani 3 ni pacha wasiotenganishwa. Kama anwani ni sahihi, soma CV19. Hapo ndipo huandikwa namba ya msafara wa vichwa vilivyounganishwa, na ikibaki humo baada ya msafara kuvunjwa, kichwa husikiliza namba hiyo na kupuuza kasi unayoituma kwa anwani yake. Dalili yake ni tamu sana: taa mara nyingi zinawaka kwa anwani yake, lakini hakitembei. Andika 0, kisa kimekwisha.

Kisichotaka kusimama ni kisa kingine. CV4 ndiyo hupanga muda wa kupunguza mwendo, na kwa kanuni ya NMRA, chama cha Marekani cha wapenda treni za mfano, thamani ya 20 ni kama sekunde 18 kutoka kasi ya juu hadi kusimama. Kama kina kapasita ya akiba, kinaweza kuendelea hata umeme ukizimwa kabisa. Kwa kichwa cha aina hiyo usitegemee kuzima umeme wakati wa dharura. Tuma amri ya kusimama umeme ukiwa bado upo, na uangalie CV11, inayosema dekoda ivumilie ukimya kwa muda gani.

Bisibisi ina zamu yake pale CV29 ikiwa imefungwa na kichwa bado kinakimbia upande mmoja tu, kila mara, papo hapo kinapoguswa na reli. Toa dekoda, weka multimeta kati ya waya za mota, ya chungwa na ya kijivu, na zile za reli, nyekundu na nyeusi. Pakiwa na mawasiliano yoyote, mota inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye chesisi, na ukifunga dekoda mpya kabla ya kuitenga mota na chesisi, utaiunguza nayo.

Na kama kinachokutisha ni kichwa kurukaruka kidogo kwenye reli ya kupangia unaposoma CV, huo si ugonjwa. Dekoda hujibu kwa kuvuta angalau miliampea 60 kwa milisekunde 6 hivi, na kwa kawaida huzivuta kupitia mota.