Nyumba ya biashara: undugu na ubia kwa akina Derby wa Salem

Katika kumbukumbu za wafanyabiashara wa Marekani wa karne ya 18, "nyumba" ni ukoo unaofanya biashara kwa jina moja: baba, wana, wakwe na wapwa, pamoja na ofisi yao ya hesabu, gati lao na meli zao. Ukiifikiria kama kampuni ya leo utapotea. Haikuwa na ukomo wa dhima. Mbia mmoja akikopa kwa jina la nyumba, wadai waliweza kumfuata mbia mwingine yeyote mpaka kwenye kitanda anacholalia. Kwa hiyo, kabla ya kumwingiza mtu ubiani, lilitangulia swali ambalo hata huku pwani tunalijua: huyu ni mtoto wa nani?

Akina Derby wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, ni mfano mzuri. Richard Derby (1712–1783) alianza kama nahodha, kisha akashuka nchi kavu kuwa mwenye meli. Mwanawe John alikuwa mtu wa bahari. Ndiye aliyefikisha London habari za mapigano ya Lexington, yaliyofungua vita vya uhuru wa Marekani mwaka 1775, akaipita njiani taarifa rasmi ya jenerali wa Kiingereza. Mwanawe mwingine, Elias Hasket (1739–1799), alibaki ofisini akishika madaftari ya baba yake, na ndiye aliyekuja kuwa tajiri kuliko wote.

Sasa tazama ndoa. Mwaka 1757 Mary, dada yake Elias, aliolewa na George Crowninshield, wa ukoo mwingine wa wenye meli pale pale mjini. Mwaka 1761 Elias akamwoa Elizabeth, dada yake George. Kwa watoto wa George, basi, Elias alikuwa mjomba, na mke wa mjomba ni shangazi yao. Hili lilikuwa na hesabu ndani yake. Kwa sheria ya wakati huo, mali ya mke inayohamishika ilikuwa ya mume, kwa hiyo kuoza binti kulikuwa kuhamisha mtaji. Koo mbili zikibadilishana mabinti, kinachotokea mlango huu kinaingilia ule. Richard alimjengea mwanawe Elias nyumba ya matofali karibu na gati, na hata nyumba hiyo ilikuwa sehemu ya biashara: ukiwa mlangoni unaona meli gani imeingia na imezama majini kiasi gani.

Undugu ulifanya kazi zaidi mbali na nyumbani. Kutoka Salem hadi Isle de France, yaani Morisi ya leo, ilikuwa safari ya miezi 4 hivi. Swali linalotumwa leo lingejibiwa mwakani, na bei ingekuwa imeshageuka mara tatu. Tajiri hakuwa na namna ya kuamuru akiwa mbali. Alichoweza ni kuchagua mtu. Mtu huyo aliitwa supakago: husafiri na meli, huuza shehena, hununua ya kurudi nayo, na hutoa hesabu. Nahodha huiendesha meli, supakago huiendesha mali, ingawa katika meli ndogo mtu mmoja alibeba kofia zote mbili.

Supakago alipewa barua ya maagizo kabla ya kung'oa nanga. Barua nzuri ilitaja bandari za kugusa na zipi ziachwe, bidhaa za kununua kwanza, nani wa kuaminiwa ng'ambo, na malipo yake mwenyewe. Ilikataza magendo, maana bunda moja la mtu mmoja lingeweza kusababisha meli nzima ikamatwe. Halafu, baada ya maagizo yote hayo, ilimwachia uamuzi iwapo soko ni baya. Huko safarini naye aliandika barua zake kwa nakala mbili au tatu, kila moja na meli yake, ili moja ikizama nyingine ifike.

Mshahara haukutosha kumfanya mtu awe mwaminifu, basi walimpa nafasi: sehemu ya ngama, yaani tumbo la meli, ya kupakia bidhaa zake binafsi bila kulipa nauli. Hapo kijana maskini alipata mtaji wa kwanza. Hapo pia ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa sababu pilipili yake yaweza kuuzwa kabla ya pilipili ya tajiri, tena siku ambayo bei iko juu. Mkwe au mpwa alikuwa na sababu zaidi ya kungoja: akimdhulumu mzee anajidhulumu mirathi.

Elias alimtuma mwanawe, Elias Hasket mdogo, Isle de France na meli Grand Turk ya tani 300 mwishoni mwa 1787. Kijana aliiuza meli yenyewe huko, akabaki ng'ambo karibu miaka 3 akifanya biashara hadi Bombay. Si kila mtu angeachiwa mamlaka ya kuuza meli. Mwaka 1792 meli Benjamin ya tani 161 iliondoka na nahodha Nathaniel Silsbee, umri miaka 19. Msaidizi wake, Charles Derby, alikuwa rika lake. Karani, Richard Cleveland, ana 18. Silsbee baadaye alimwoa binti wa George Crowninshield na kuwa seneta. Mtu wa nje mwenye uwezo huingizwa ukoo kwa njia hiyo.

Hatari za bahari ziligawanywa kwa hisa. Tajiri mkubwa kama Derby aliweza kumiliki meli nzima, lakini wengi walinunua nusu, robo au thumni, yaani sehemu moja ya nane. Tuseme meli na shehena ni dola 40,000: thumni ni dola 5,000. Mwenye dola 40,000 akishika thumni nane katika meli nane, dhoruba moja haimfilisi. Wenye hisa wenzake kwa kawaida ni shemeji na binamu, na udhaifu uko hapo hapo: mmoja akianguka, wote wanatikisika.

Kifo kilivunja ubia mara moja. Hesabu zilifungwa, warithi wakagawana, na mtaji uliokuwa fungu moja ukawa mafungu. Ugomvi nao ulifuata damu. Akina Derby waliegemea chama cha Federalist, akina Crowninshield wakawa upande wa Jefferson, kiongozi wa chama pinzani, na Salem ikawa na kambi mbili za mashemeji na binamu. Binti wa Elias, Elizabeth, aliolewa na nahodha Nathaniel West bila ridhaa ya baba, na talaka yao ya 1806 ilikuwa gumzo la mji. Jumba kubwa ambalo Elias alihamia 1799, miezi michache kabla ya kufa, lilibomolewa 1815, na kiwanja chake kikawa soko.

Anayesoma nyaraka za nyumba hizi achunge majina. Richard ni baba na mwana, Elias Hasket vilevile. Katika daftari za mji, "mdogo" baada ya jina mara nyingi ni mtu mwenye umri mdogo kati ya majina mawili yanayofanana, si lazima mwana wa mwenzake. Na kwenye barua, "kaka" aweza kuwa shemeji. Ukimkuta George akimwandikia hivyo Elias, usitafute baba mmoja kwenye rejista ya ubatizo. Tafuta rejista ya ndoa.