The Monks: watawa wasio wa kanisa na albamu yao moja

Picha ndiyo inayopotosha watu kwanza. Vijana watano, nguo nyeusi tupu, shingoni kamba badala ya tai, utosini wamenyolewa duara kama watawa wa Kikatoliki wa enzi za kale. Hao ni The Monks, bendi ya Wamarekani iliyotoa albamu moja tu, Black Monk Time, mwaka 1966. Kwa kuwa wachache waliisikia wakati huo, waliokuja baadaye wamejaza mapengo kwa kubuni.

Dhana: walikuwa watawa, au angalau Wajerumani.

Walikuwa askari. Gary Burger (gitaa na sauti), Larry Clark (ogani), Dave Day (banjo), Eddie Shaw (besi) na Roger Johnston (ngoma) walikutana wakitumikia jeshi la Marekani huko Gelnhausen, Ujerumani Magharibi. Mwaka 1964 walianza kupiga pamoja kwa jina la Torquays, nyimbo za kuchezesha watu kama bendi nyingine yoyote ya kambini. Hakuna ibada iliyohusika. Ujerumani ulikuwa uwanja wao wa kazi, na nyimbo waliziimba kwa Kiingereza.

Dhana: walikuwa watoro wa jeshi waliokimbia vita vya Vietnam.

Hii inanoga kusimulia, ila si kweli. Walimaliza muda wao, wakaruhusiwa kwa utaratibu, kisha wakaamua kubaki Ujerumani kwa sababu kazi ya muziki ilikuwapo. Kinachowachanganya watu ni wimbo unaofungua albamu, ambamo Burger anapaza sauti kulaani jeshi na mauaji ya Vietnam. Mwaka 1966 bendi chache za dansi zilithubutu kusema hivyo. Aliyekuwa akisema, hata hivyo, alikwisha kuivaa sare na kuivua kihalali, na kwangu mimi hilo linayapa maneno yake uzito zaidi kuliko ya mtoro.

Dhana: muziki wao ni mbaya kwa sababu hawakujua kupiga.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukiisikia albamu mara ya kwanza unaweza kudhani ni vijana waliookota vyombo jana yake: mdundo ule ule unakung'utwa bila huruma, ogani inalia kama imekasirika, maneno machache yanarudiwa na kurudiwa. Lakini watu hawa walikuwa wakipiga saa nyingi kila usiku katika kumbi za Ujerumani, mpaka Hamburg. Nyimbo laini walizijua. Waliziacha kwa makusudi.

Mameneja wao, Walther Niemann na Karl Remy, walitoka katika fani ya matangazo na usanifu. Walitaka bendi iwe kinyume kabisa cha The Beatles: badala ya nywele ndefu, upara; badala ya tabasamu, uso mkavu; badala ya kiitikio kitamu, mdundo. Katika mazoezi, kila kilichokuwa pambo kilipunguzwa. Johnston aliegemea ngoma zenyewe na kuyaacha matoazi. Day aliweka kando gitaa akashika banjo ya nyuzi sita, ikatiwa maikrofoni ndani ili isimezwe na wenzake. Banjo, tusisahau, ni chombo ambacho mizizi yake ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani. Hapa ikageuzwa kuwa kitu cha kukwangua, karibu na ngoma kuliko na gitaa.

Na ule mlio unaotoboa masikio? Ni ule ule unaotoka maikrofoni ya harusini inapokaribia spika. Kwa simulizi yao wenyewe ulianza kwa bahati, gitaa lilipoachwa limeegemea spika yake nalo likavuma. Wengine wangekimbilia kuzima. Wao waliuingiza kwenye nyimbo.

Dhana: kwa kuwa muziki wao huitwa roki ya gereji, basi walirekodi gerejini.

La hasha. Albamu ilirekodiwa studio, Cologne, mwishoni mwa 1965, chini ya prodyuza Jimmy Bowien wa Polydor, kampuni kubwa ya santuri ya Ujerumani. Jina la gereji lilikuja kushika baadaye, kwa kukumbuka vijana wa Marekani waliofanyia mazoezi katika gereji za wazazi wao.

Dhana: albamu ilipigwa marufuku Marekani.

Haikuhitaji marufuku. Haikutolewa huko hata kidogo, kwani ilionekana haina soko, na Ujerumani kwenyewe haikuuzika vizuri. Wamarekani walisubiri mpaka miaka ya 1990 kuipata ikiwa imetolewa rasmi kwao.

Ndiyo maana nasita ninaposoma kwamba The Monks ndio waliozaa panki, ile roki kali na ya haraka ya miaka ya 1970. Walitangulia, sawa. Lakini ni vigumu kusema vijana wa New York wa miaka ya 1970 walirithi santuri ambayo haikuwahi kuuzwa madukani kwao. Ushawishi unaoweza kuuonyesha kwa kidole ulikuja baadaye: mwaka 1990, bendi ya Kiingereza The Fall ilizirekodi upya nyimbo zao mbili katika albamu ya Extricate.

Dhana: zile nyimbo 12 ndizo zote walizoacha.

Kuna pia santuri ndogo za 1966 na 1967, na rekodi za majaribio za kabla ya albamu, zilizotolewa miongo mingi baadaye. Santuri ndogo za mwisho ni laini, kampuni ikitafuta kitu cha kuuza. Anayezisikiliza baada ya albamu atashangaa, pengine kusikitika.

Dhana: walivunjika kwa kugombana jukwaani.

Walikuwa wamechoka, na mauzo hayakuwa na matumaini. Mwaka 1967 ilipangwa ziara ya Asia, Vietnam ikiwemo. Kabla ya safari Johnston akarudi Marekani na kukataa kuendelea, ikawa basi. Kama The Monks, hawakuwahi kupanda jukwaa la nchini kwao hadi Novemba 1999, walipokutana tena New York na watu wakaimba nao maneno yote. Burger baadaye alichaguliwa kuwa meya wa Turtle River, kijiji cha Minnesota.