Timu ya kriketi ya mkoa haijengwi kambini

"Mkufunzi, wiki mbili za kambi zinatosha?" Swali hili naulizwa karibu kila mwaka na walimu wa michezo wa Mtwara na Lindi wanapokabidhiwa kazi ya kuunda timu ya vijana ya mkoa. Jibu langu ni hapana. Kambi huwazoesha vijana kukaa na kucheza pamoja. Mkono wa mrushaji na jicho la mpigaji havipatikani kwa wiki mbili, hata wali uwe mwingi namna gani.

Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wetu sasa wana pa kufika. Mwaka 2025 timu ya Tanzania ya vijana wa chini ya miaka 19 ilifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo, lile la mwaka 2026 la Zimbabwe na Namibia. Ngome ya kriketi nchini bado ni Dar es Salaam, kwenye klabu na viwanja vya siku nyingi. Mtoto wa Masasi au Nachingwea ataonekana kwa kupitia timu ya mkoa wake, kwa hiyo namna tunavyoichagua timu hiyo ni jambo zito.

Na kwenye kuchagua ndiko tunakoharibu zaidi. Tunawakusanya vijana siku moja, tunawatazama kwa saa mbili, tunaondoka na wenye miili. Mvulana wa miaka 14 aliyebalehe mapema atamzidi mwenzake kimo, nguvu na kasi. Miaka mitatu baadaye mara nyingi wamelingana, lakini yule mdogo tulishamwacha, na amehamia kwenye mpira wa miguu au ameacha michezo kabisa. Hapo sijawataja vijeba. Mwalimu anayemwingiza kijeba kwenye timu ya vijana anamdhulumu mtoto mwenye umri halali, na mimi naliona kosa hilo kubwa kuliko kufungwa mechi zote.

Dawa yake ni daftari. Kila mechi ya shule, hata ikichezwa kwa mpira wa tenisi kwenye vumbi, mwanafunzi mmoja akae pembeni aandike: mpigaji huyu amekabili mipira mingapi, amepata mikimbio mingapi (mkimbio ni pointi inayopatikana wapigaji wawili wakibadilishana pande), mipira mingapi imepita bila mkimbio, mrushaji huyu amemaliza ova ngapi (ova moja ni mipira halali sita), na ametoa waidi ngapi, yaani mipira iliyopita mbali mno na mpigaji. Mechi ya ova 20 inaipa kila timu mipira halali 120 tu. Ukiacha 60 ipite mikavu, bila mkimbio, umetupa nusu ya zamu yako, na kelele za kushangilia sita moja, mpira uliovuka mpaka bila kudunda, zinalificha hilo. Fungua daftari baada ya mechi kumi na utamwona binti mwembamba asiyepiga mbali, lakini karibu kila mpira anaokota mkimbio mmoja. Siku ya majaribio usingemtazama mara mbili.

Kuokota mkimbio mmoja kunafundishika bila shilingi. Kutoka mstari wa mpigaji wa upande huu hadi wa upande ule ni mita 17.68. Upime kwa kamba, uchore kwa majivu, vijana wakimbie wawili wawili wakiitana kwa sauti: ndiyo, hapana, subiri. Wajifunze kuinama wanapogeuka, gongo likiburuzwa chini kuvuka mstari, uso ukiangalia uliko mpira. Dakika 15 kila jioni. Nimeona timu nyingi zikishindwa kwa tofauti ya mikimbio michache ambayo ilikuwa palepale, kati ya mistari miwili.

Kwa kudaka na kurudisha mpira, watoto wetu wana mtaji tayari. Aliyekua akiangusha maembe kwa mawe, au akicheza rede jioni uani, ana shabaha. Kazi ya mwalimu ni kumtenganishia mambo mawili: kutupa mpira kutoka mbali ni huru, lakini mrushaji anayemlenga mpigaji haruhusiwi kuunyoosha mkono uliokunjwa atakavyo. Kanuni za kimataifa zinakubali kiwiko kinyooke kwa nyuzi 15, si zaidi. Mtoto akizoea kutupa badala ya kurusha, kumsahihisha akiwa na miaka 17 ni shida kubwa. Asahihishwe mapema, kwa upole, na kwa mpira mwepesi. Mpira wa wakubwa una gramu 156 hadi 163. Wa watoto wa chini ya miaka 13 ni gramu 133 hadi 144.

Kuhusu uwanja, msisubiri nyasi za kwenye televisheni. Sakafu ya zege yenye urefu wa mita 20.12, ikitandikwa mkeka wa usumba (nyuzi za makumbi ya nazi), inadundisha mpira vizuri. Mikeka ya namna hiyo imetumika miaka mingi katika nchi nyingi, na usumba si kitu kigeni kwa watu wa pwani yetu.

Jambo la mwisho ni la afya, nami nawaomba wazazi walisome pia. Kijana anayerusha kwa kasi hutua kwa mguu wa mbele kwa uzito unaozidi mara kadhaa ule wa mwili wake, huku mgongo ukipinda na kujisokota kwa wakati mmoja. Mifupa ya kiuno haijakomaa bado. Ikirudiwa mno bila mapumziko, pingili hupata ufa. Miongozo ya Uingereza kwa miaka mingi imewawekea warushaji wa kasi wa chini ya miaka 13 ova 5 kwa mkupuo na 10 kwa siku. Wa chini ya miaka 14 na chini ya 15, ova 6 na 12. Ova za mazoezini zinahesabiwa pia, na hapo lile daftari linakuwa na kazi ya pili.

Mwanao akilalamika kiuno upande mmoja, hasa anapoinama kinyumenyume, asimamishwe kurusha siku hiyohiyo na apelekwe hospitali. Mwambieni daktari kwamba ni mrushaji wa kriketi, kwa sababu eksirei ya kawaida huenda isiuonyeshe ufa huo mwanzoni.