Je, wajua kwa nini spishi mpya ya kirukamajani hutambuliwa kwa uume wa dume?

Virukamajani ni wadudu wa familia ya Cicadellidae, jamaa wa nyenje. Hufyonza utomvu wa mimea, na ukigusa jani walipotua huruka mara moja. Wengi wana urefu wa milimita 3 hadi 10 tu. Spishi zaidi ya 20,000 zimekwisha kupewa majina, na nyingine huongezwa kila mwaka. Lakini weka spishi mbili za jenasi moja kando kwa kando: mara nyingi zitalingana kwa rangi, ukubwa na umbo, hata mtaalamu asiweze kuzitenganisha kwa kutazama mgongo. Tofauti imo ndani ya ncha ya tumbo la dume, nayo haionekani mpaka tumbo lifunguliwe.

Si kwamba sura ya nje haina kazi. Safu za miiba kwenye muundi wa mguu wa nyuma ndizo zinazoonyesha kwamba mdudu ni wa familia hii. Mahali yalipo macho mawili madogo ya kichwani, mpangilio wa vishipa vya mabawa, na idadi ya nywele nene mwishoni mwa paja la nyuma (huandikwa kwa mfano 2+2+1) humfikisha mtafiti kwenye nusufamilia, pengine hadi kwenye jenasi. Hapo sura ya nje huishia. Rangi ndiyo ya kuaminiwa kidogo kuliko zote, kwa sababu kijani cha mdudu aliye hai hugeuka manjano akikaa kwenye alkoholi au akikauka kwa miaka.

Dume ana nini huko ndani? Pingili ya mwisho ya tumbo, yaani pigofa, huwa kama ala inayofunika viungo vya uzazi. Chini yake kuna vibamba viwili. Juu ya vibamba hivyo vimo vijiti viwili vigumu vya kushikia jike, vilivyounganishwa na kipande kidogo chenye umbo la Y, V au T. Kwenye kipande hicho ndipo ulipoegemea uume, ambao wataalamu huuita edeago. Edeago ina shina, tundu la kutolea manii, na mara nyingi vijimiiba au matawi. Urefu wa matawi hayo, idadi yake na upande yalikopinda ndivyo vinavyoamua kama ni spishi hii au ile.

Kwa nini viungo hivi vibadilike upesi wakati mwili wote umebaki vilevile? Mwaka 1844 Mfaransa Léon Dufour, mtaalamu wa wadudu, alieleza kwamba viungo vya dume na jike hukubaliana kama ufunguo na kufuli, hivyo spishi tofauti zisiweze kupandana. Wazo hilo lina upungufu, maana katika wadudu wengi jike hana umbo gumu linalolingana na vijimiiba vya dume. Kuna maelezo mengine, nayo yana uzito zaidi: majike huwapendelea madume kwa namna wanavyowagusa wakati wa kupandana, na upendeleo huo husukuma umbo la viungo kubadilika kizazi hadi kizazi. Kwa vyovyote vile, mtafiti hufaidika, kwa sababu spishi mbili zilizotengana juzi tu kwa kipimo cha mageuko huweza kuwa zimekwisha kutofautiana hapo.

Kazi yenyewe huanza kwa kumlainisha mdudu aliyekauka ndani ya chombo chenye unyevu, kisha tumbo hung'olewa taratibu kwa sindano nyembamba. Tumbo hilo hutiwa katika mmumunyo wa haidroksidi ya potasiamu wa asilimia 10. Ukiupasha moto bila kuuchemsha kwa nguvu, dakika chache hutosha. Ukiuacha baridi, liache tumbo humo usiku mzima. Dawa hiyo huyeyusha misuli na mafuta, ikabakiza sehemu ngumu. Ukiharakisha, misuli itabaki na kuficha shina la edeago. Ukichelewa, tando laini zitayeyuka, viungo vitaachana, na vijimiiba vyembamba vitapauka hadi visionekane. Baada ya hapo tumbo huoshwa kwa maji na kuwekwa katika tone la gliserini chini ya hadubini.

Edeago lazima ichorwe kutoka pande mbili angalau, ubavuni na nyuma. Ikiinama kidogo tu kwenye gliserini, tawi refu huonekana fupi, na tayari una “tofauti” isiyokuwepo. Ndiyo maana mchoro mmoja mzuri wa ubavu hautoshi, hata ukiwa na kipimo cha milimita pembeni. Mwishoni viungo huhifadhiwa ndani ya kichupa kidogo chenye gliserini, kikachomwa kwenye pini ileile iliyobeba mdudu na lebo zake. Vikitenganishwa, mdudu hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Hatari kubwa ni kuipa jina spishi ambayo haipo. Dume aliyetoka kujivua gamba bado ni laini, na edeago yake hujikunja ikikauka. Dume aliyeshambuliwa na vimelea, kama nzi wa familia ya Pipunculidae au nyigu wa Dryinidae, huweza kuwa na viungo vilivyodumaa au kuharibika umbo. Ukimkuta mmoja wa namna hiyo peke yake, ni rahisi kumdhania mgeni kabisa. Mtego mwingine ulidhihirika katika jenasi ya Euscelis. Katika miaka ya 1950 Mjerumani H. J. Müller aliwalea wadudu hao chini ya mwanga wa saa tofauti kwa siku, akaona kwamba urefu wa mchana hubadilisha ukubwa na umbo la uume. Kumbe baadhi ya zilizoitwa spishi zilikuwa vizazi vya majira tofauti vya spishi moja! Kwa hiyo tazama madume kadhaa, wa mahali na majira mbalimbali wakipatikana, kabla ya kutangaza lolote.

Wakati mwingine dume mmoja huwa tofauti mno kiasi cha kuondoa shaka. Mwaka 2022 Alvin Helden wa Anglia Ruskin University alitangaza Phlogis kibalensis kutoka Hifadhi ya Taifa ya Kibale, Uganda. Ana mng'ao wa metali na mwili uliojaa vishimo vishimo, na viungo vyake vya uzazi vina sehemu yenye umbo linalokaribia jani. Mara ya mwisho mdudu wa jenasi hiyo kurekodiwa ilikuwa 1969, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Jina nalo lina sheria zake, zilizomo katika Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama. Maelezo yaseme wazi kwamba spishi ni mpya na yataje sifa zinazoitofautisha. Tangu mwaka 2000 ni lazima pia kuteua holotipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina hilo (au sintipu, yaani vielelezo kadhaa vinavyolibeba kwa pamoja), na kutaja mkusanyo wa kuhifadhia. Chapisho likiwa la kielektroniki tu, sharti lisajiliwe katika ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Na kama spishi hiyohiyo ilikwisha kupewa jina halali kabla, jina la zamani ndilo hutumika. Ndiyo sababu kulinganisha na holotipu za zamani huchukua muda mrefu kuliko kuchora.

Majike ndio tatizo lisilokwisha. Katika jenasi nyingi hawatofautiani kwa urahisi, ingawa ukingo wa kibamba cha saba chini ya tumbo na meno ya kifaa cha kutagia mayai husaidia. DNA imeleta nafuu hapa, kwani huunganisha jike au tunutu na dume wa spishi yake. Hilo si jambo la maktaba tu. Katika jenasi ya Cicadulina zimo spishi zinazoeneza virusi vya ugonjwa wa milia ya mahindi, Cicadulina mbila ikiwa mashuhuri zaidi, na uwezo wa kueneza hutofautiana kati ya spishi na spishi. Anayehesabu virukamajani shambani bila kufungua matumbo ya madume wachache hajui bado kama anahesabu adui au jamaa yake asiye na madhara makubwa.