Alteneta mpya, waya wa zamani

Hapa Nakuru magari ya zamani bado yanapiga kazi. Kuna Land Rover za mashamba ya Njoro, na kuna pikapu zinazoshusha viazi kutoka Molo kila siku. Gari likikosa chaji, mwenyewe hununua alteneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) ya eks-Japani, yaani iliyotumika Japani, huifunga mahali pa ile kuukuu na kurudishia nyaya zilezile. Muda si muda analalamika kwamba ameuziwa mbovu. Mara nyingi alteneta ni nzima kabisa, na ubovu uko kwenye nyaya.

Kabla hujagusa chochote, toa kichwa hasi cha betri. Kisha angalia athi, yaani ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, ilhali alteneta hizi zinataka hasi kwenye bodi. Ukikosea hapo, diodi, vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaungua papo hapo. Kama gari lilikuwa na dainamo, chaja ya kizamani, kile kisanduku cha regulata yake (kidhibiti cha volti) kitoe chote, kwa sababu alteneta hizi nyingi zina regulata yake ndani.

Sasa waya mkubwa. Dainamo ya Lucas C40 hutoa takriban ampea 22, na waya wake ulipimwa kwa kazi hiyo. Alteneta ya ampea 60 ukiiachia waya huohuo, gamba linapata joto, linakauka, mwishowe linayeyuka. Mimi huvuta waya mpya wa milimita mraba 16 kutoka B+, ncha kuu ya alteneta inayotoa umeme, hadi chanya ya betri, na fyuzi kubwa karibu na betri. Usiupitishe kwenye ile ampmita (kipima ampea) ya dashibodi, kwani nyingi zilitengenezwa kwa ampea 30 tu. Weka voltimita badala yake.

Waya mdogo ndio unaowasumbua wengi. Rota, sehemu inayozunguka ndani ya alteneta, haina sumaku ya kudumu kama dainamo ya taa ya baiskeli. Ni koili inayohitaji umeme kidogo ili iamke. Kwenye alteneta nyingi za Nissan zenye pini mbili, S na L, umeme huo wa kuamshia hupitia taa ya chaji ya dashibodi na kuingia pini ya L. Balbu ya wati 2 au 3 inatosha. Ikiungua, au mtu akiweka taa ya LED, injini inanguruma taratibu bila chaji yoyote mpaka ukanyage mafuta. Toyota nyingi zina pini tatu: IG hupata umeme ukifungua swichi, na ndiyo inayoamsha regulata, huku L ikibaki kazi ya taa. Pini ya S ipeleke kwenye betri yenyewe ili regulata isome volti halisi za betri. Na tafadhali, L usiipe volti 12 moja kwa moja bila balbu katikati. Regulata huiunganisha L na athi ili kuwasha taa, kwa hiyo umeme ukija bila kizuizi unaiunguza.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda sana. Fungua swichi bila kuwasha injini, taa ya chaji iwake, kisha sogeza spana ya chuma karibu na beringi ya nyuma ya alteneta. Rota ikiwa imeamka, utaisikia spana ikivutwa mkononi.

Baada ya hapo ni athi ya alteneta yenyewe. Pikapu moja ya Molo ililetwa ikiwa imeshabadilishiwa alteneta zaidi ya mara moja, na betri bado inalala. Injini ikizunguka na taa kubwa zimewashwa, mita ilisoma volti 14.3 kati ya B+ na mwili wa alteneta, lakini kwenye betri 12.8 tu. Aliyeipaka injini rangi alipaka hata mahali pa kibano kinachoshika alteneta, boliti zikakaa juu ya rangi. Tulikwangua mpaka chuma kikang'aa, tukaongeza waya wa athi kutoka mwili wa alteneta hadi hasi ya betri, na betri ikafika 14.1.

Kwa hiyo washa taa kubwa na feni, kisha upime upande kwa upande. Kati ya B+ na chanya ya betri isizidi volti 0.3, kati ya mwili wa alteneta na hasi, 0.2. Betri yenyewe ikae kati ya 13.8 na 14.4.

Wengine hupima chaji kwa kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inazunguka. Naomba tuiache tabia hiyo. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ikiondolewa ghafla, volti hupanda na kuua diodi, regulata, hata redio. Mita ya bei ya chini kabisa inatosha kupima chaji.