Je, wajua kwa nini pevingi hazifungwi kwa saruji?

Jijini Dar es Salaam, kando ya barabara ya kwenda Bunju, au ukishuka kuelekea Mbagala, pevingi, yaani vitofali vya zege vya kutandika uani, zimepangwa juani: nyekundu, kijivu, nyeusi, nyingine mraba, nyingine zenye kona kona. Mteja anasimama, anauliza bei, anachagua rangi, anatafuta fundi. Kazi ikifika mwisho, fundi anamwaga mchanga mkavu juu ya uwanja mzima na kuufagia uingie katikati ya vitofali. Saruji hata kijiko hakuna. Hapo ndipo mwenye nyumba anapouliza: "Fundi, mbona hufungi? Hizi si zitang'oka?"

Hazing'oki, na sababu yenyewe ni huo mchanga. Kati ya kitofali na kitofali huachwa nafasi ya milimita 2 hadi 5 hivi. Mchanga mkavu ukishajaa humo na mashine ya kushindilia ikapita juu, chembe zake hubanana na kukwaruzana na kuta za vitofali. Tairi likikanyaga kitofali kimoja, hakiwezi kushuka peke yake bila kuwavuta majirani zake, kwa hiyo uzito hugawanywa kwa wengi. Ni kama abiria wa daladala ya jioni kutoka Kariakoo: haanguki mtu kwa sababu hakuna pa kuangukia. Ndiyo maana pia mahali pa kupita gari, mafundi wazuri hupanga kwa mshazari wa kukatana badala ya mistari iliyonyooka. Mistari iliyonyooka husukumika polepole pale gari linapofunga breki au kukata kona.

Sasa tia saruji kwenye hizo nafasi uone. Mwezi wa kwanza panapendeza sana. Lakini uwanja wa pevingi hauko tuli: hushuka na kurudi kidogo mno kila gari linapopita, hutanuka kwa jua la saa nane mchana na kusinyaa usiku. Mchanga hufuata mwendo huo, saruji haiufuati, hupasuka. Masika yakija, maji huingia kwenye nyufa na kukosa njia ya kutoka upesi. Mchanga uliotandikwa chini ya pevingi ukishalowa chepechepe, kila tairi hukamua tope kupitia ufa, na chini panabaki shimo. Tena siku bomba likivuja huko chini, pevingi za mchanga huchomolewa na kurudishwa zile zile. Zilizofungwa kwa saruji huvunjwa kwa nyundo.

Kama ni hivyo, mbona nyua nyingi zenye mchanga mtupu nazo zimebonyea? Kwa maoni yangu, kosa kubwa mjini hapa liko chini ya pevingi, na halionekani siku ya kukabidhiana kazi. Mpangilio unaofaa ni huu: udongo wa juu wenye mizizi unaondolewa, kinawekwa kifusi au moramu (udongo wa changarawe) ya sentimita 10 hadi 15, kinamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa mpaka kigumu, kisha mchanga wa sentimita 3 tu, ndipo pevingi. Fundi mwenye haraka huruka kifusi, na mabonde ya ardhi anayajaza kwa mchanga, hapa sentimita 3, pale 10. Juu panakuwa sawa kabisa. Mvua ikipiga, penye mchanga mwingi panashuka kuliko pengine. Ukitaka kumjua fundi wako, nenda siku anaposawazisha kifusi, siyo siku anapopanga rangi.

Ardhi nayo ina lake. Sehemu kubwa ya pwani ni kichanga kinachomeza maji haraka. Bonde la Msimbazi lina mfinyanzi, hapo kifusi kiongezwe. Kwenye vilima vya Goba na Kimara maji hukimbia na kubeba mchanga, kwa hiyo ukingo wa zege pembeni ni lazima. Bila huo, vitofali vya mwisho husogea nje na mbano wote hulegea. Kote huko uwanja uinamie mbali na nyumba, sentimita 2 kwa kila mita. Kibaraza cha mita 4 kitashuka sentimita 8, na jicho halitaona. Kamba na pima maji ndivyo vitakavyoona.

Vipi vitu vingine? Zege la kumwaga ni imara, lakini likatwe viungo kila mita 3 hivi, la sivyo litajichagulia lenyewe pa kupasuka, na limwagiliwe maji siku 7. Kokoto tupu ni rahisi na hunywa maji vizuri, ila bibi mwenye mkongojo hatakushukuru. Marumaru zinazong'aa ziache sebuleni: maji yakikaa kati ya unyayo na kigae laini, unyayo hauna cha kushika, na watoto hukimbia zaidi mvua inaponyesha. Angalia na pevingi zenyewe. Zilizomwagwa kwenye kalibu za plastiki mara nyingi hutoka na uso laini unaong'aa, nazo huteleza. Chini ya mwembe, ambako kijani huota, chukua zenye uso wa kukwaruza. Nyeusi hupendeza, lakini mchana hutazikanyaga bila kandambili.

Kabla ya kulipa, gonganisha mbili: iliyokomaa hulia kwa mlio mkali, changa hutoa mlio mzito. Kwaruza na msumari, ikimomonyoka iache. Kisha uliza unene. Sentimita 6 zinatosha kwa watu, bajaji na gari dogo. Wengi huishia hapo, wakisahau kwamba uani kwao boza la maji huingia maji yakikatika, na gari la kunyonya maji taka huja karo likijaa. Boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji pekee, bado gari lenyewe. Njia ya kutoka getini hadi kwenye tangi na karo iwe ya sentimita 8, kwingine 6 zinatosha. Na ule mchanga uongezwe kila masika yanapoisha, kwa sababu mvua huuosha na sisimizi huutoa chembe kwa chembe.